Mimea inayokamata sumu ya madini: inaweza kusaidia mashamba yetu?

Isangi iko pale Lomami inapoingia mto Kongo, na wengi wanalima karibu na maji. Mahali ambapo zahabu inasafishwa kwa zebaki, au batri za zamani zinavunjwa, udongo unaweza kubeba sumu ambayo macho hayaioni. Metali haiozi kama majani. Inabaki. Basi kuna mimea ya kuisafisha? Ndiyo, iko ya namna mbili.

Namna ya kwanza inavuta. Mwaka 2001 watafiti wa Florida, Marekani, walionyesha kwamba feri inayoitwa Pteris vittata inavuta arseniki nyingi na kuiweka ndani ya majani yake. Unayakata, yanamea tena, unakata tena, miaka na miaka. Lakini angalia: majani yale sasa ndiyo sumu. Usiyape mbuzi, usiyachome, usiyafanye mbolea.

Namna ya pili inafunika. Huko Lubumbashi, kiwanda cha kuyeyusha shaba kilichoanza 1911 kilitupa vumbi lake upande wa mtaa wa Penga Penga, udongo ukabaki uchi. Watafiti walijaribu pale nyasi tatu za kienyeji pamoja na mboji na chokaa, wakatoa matokeo 2010. Hapa shaba haiondoki. Chokaa inapunguza ukali wa udongo, metali inashikamana, mizizi inainywa kidogo. Nyasi nazo zinazuia vumbi lisiruke na mvua isiipeleke sumu mtoni.

Zebaki ni shida nyingine. Ikichomwa inapanda hewani. Ikifika kwenye matope ya mto inageuka na kuingia ndani ya samaki. Dawa yake ni kuizuia kabla haijafika, si kungojea mmea.

Kwa hiyo, kama una wasiwasi na shamba lako:

- Usipande lenga-lenga wala mboga zingine za majani pale. Kwa kawaida majani yanabeba metali kuliko punje za mahindi.
- Kuosha mboga kunatoa vumbi la juu tu. Kilicho ndani kinabaki.
- Acha nyasi zifunike sehemu hiyo, na ulime chakula mbali nayo.
- Udongo upimwe kwanza. Yangambi, ndani ya teritware yetu, kuna INERA, kituo cha utafiti wa kilimo kilichoanza 1933 kwa jina la INEAC. Muulize agronome wapi vipimo vinafanyika.

Bila kupima, hata mmea mzuri unapandwa kwa kubahatisha.