Silent Hunter 5: Nyambizi iliyokwama kwa kukosa intaneti

MCHEZO wa kompyuta wa Silent Hunter 5, unaoiga maisha ya ndani ya nyambizi, uliingia sokoni Machi 2010 ukiwa na sura ya kuvutia, lakini ukaishia kulaumiwa na wahakiki pamoja na wachezaji, kila kundi likiwa na sababu zake.

Mchezo huo ulitengenezwa Romania na tawi la kampuni ya Kifaransa ya Ubisoft. Mchezaji huwa nahodha wa nyambizi ya Ujerumani wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, akiwinda meli za Uingereza na washirika wake katika Bahari ya Atlantiki.

Michezo ya aina hii hutofautiana na ile ya kufyatua risasi ovyo. Nahodha hulazimika kukadiria umbali, mwendo na uelekeo wa meli ya adui kabla ya kurusha kombora, kisha akimbilie kina kirefu kukwepa mabomu ya manowari. Kwa sababu hiyo, wapenzi wake hudai ukweli hata katika mambo madogo.

Madai hayo yana msingi, kwani vita vya nyambizi viliigusa hata Afrika Mashariki. Februari 12, 1944, meli ya Khedive Ismail, iliyokuwa imetoka Mombasa kwenda Colombo, ilizamishwa na nyambizi ya Japani katika Bahari ya Hindi. Watu 1,297 walipoteza maisha, wakiwemo mamia ya askari wa kikosi cha mizinga cha Afrika Mashariki.

Ubisoft ilikuwa imejijengea sifa kwa Silent Hunter III ya mwaka 2005. Kabla ya kuitoa, kampuni ilikubali kuichelewesha ili iongeze vita vinavyobadilika kadiri mchezaji anavyoendelea, jambo ambalo wachezaji wenyewe walikuwa wamelidai. Hivyo toleo la tano lilisubiriwa kwa hamu kubwa.

Wahakiki walisifu mandhari ya bahari na uwezo mpya wa nahodha kutembea ndani ya nyambizi na kuzungumza na mabaharia wake. Hata hivyo, walieleza kuwa mchezo ulitolewa kabla haujakamilika. Ulijaa hitilafu, aina ya nyambizi inayoendeshwa ilikuwa moja tu, na vita vilikoma mwaka 1943 ilhali vita halisi viliendelea hadi 1945.

Kwa upande wa wachezaji, kilio kikubwa kilihusu kinga dhidi ya wizi wa nakala. Ubisoft iliutaka mchezo uwe umeunganishwa na mitambo yake kwa njia ya intaneti muda wote, hata pale mtu anapocheza peke yake. Mtandao ulipokatika, mchezo ulisimama.

Sharti hilo lilikuwa zito zaidi kwa mnunuzi wa kijijini. Mkazi wa Kanoni, wilayani Karagwe, mkoani Kagera, anayetegemea bando la simu, angelipia mchezo, kisha aendelee kulipia intaneti kila anapotaka kuutumia. Bando likiisha au mtandao ukiyumba, nyambizi yake ingekwama baharini.

Hata wenye intaneti ya uhakika hawakusalimika. Siku chache baada ya mchezo kuingia sokoni, mitambo ya Ubisoft ilishambuliwa na wahalifu wa mtandaoni, na baadhi ya wanunuzi halali wakashindwa kucheza.

Ubisoft ilitoa marekebisho kadhaa, lakini kazi kubwa ya kuunyoosha mchezo ilifanywa na wachezaji wenyewe. Kwa kujitolea, walirekebisha hitilafu, wakarejesha vipimo vya unahodha na kuongeza meli. Mkusanyiko wa marekebisho uitwao The Wolves of Steel ndio uliowafanya wengi waupe mchezo huo nafasi ya pili.

Mwaka 2012, Ubisoft ilieleza kuwa imeachana na sharti la kuunganishwa muda wote. Miaka 10 baadaye, mwaka 2022, ilitangaza kuzima huduma za mtandaoni za michezo yake kadhaa ya zamani, Silent Hunter 5 ukiwa miongoni mwake.

Ukiutazama mlolongo huo, wahakiki na wachezaji hawakupingana. Walipima vitu viwili tofauti. Mhakiki alipima ubora wa mchezo katika siku zake za kwanza sokoni. Mchezaji alipima pia kama kitu alichokilipia kingebaki mikononi mwake. Hitilafu ziliweza kurekebishwa na watu wa kujitolea, bali mtambo wa mbali huzimwa kwa uamuzi wa mwenye nao.

Kwa mnunuzi wa leo, iwe ni mchezo, kamusi au programu ya hesabu za duka, swali la kuuliza kabla ya kutoa fedha ni lile lile: mtandao usipokuwepo, kitafunguka?