Uhuru Park
Uhuru Park ni bustani ya umma iliyopo kando ya barabara ya Uhuru Highway jijini Nairobi, Kenya. Ilifunguliwa na rais Jomo Kenyatta mwaka 1969. Ina ziwa dogo la kutengenezwa ambapo watu hupanda mashua, miti ya kivuli, nyasi za kupumzikia na uwanja wa mikutano.

Mwaka 1989 chama tawala cha KANU kilipanga kujenga humo jengo la ghorofa 60. Wangari Maathai aliupinga mpango huo kwa barua na kwa kesi mahakamani. Alikejeliwa bungeni, lakini hatimaye jengo halikujengwa.

Mwaka 1992 akina mama wa wafungwa wa kisiasa waligoma kula katika pembe ya bustani inayoitwa Freedom Corner. Katiba mpya ya Kenya ilizinduliwa katika bustani hiyo tarehe 27 Agosti 2010.