Hesabu ya Fisi

Paukwa! Pakawa!

Sungura alikuwa na mchele robo tatu ya pishi. Fisi akaja, mate yanamdondoka, akaomba kukopa nusu pishi. Siku hiyo Sungura alikuwa na moyo (si kawaida yake), akampimia. Fisi akaokota kijiti, akaandika mchangani:

3/4 − 1/2 = 2/2

"Juu, tatu toa moja, mbili. Chini, nne toa mbili, mbili. Mbili juu, mbili chini: pishi nzima! Ndugu yangu, nimechukua nusu na bado umeongezeka robo. Basi hiyo faida nipe mimi niliyeileta."

Sungura akachungulia kikapuni. Pishi nzima? Iko wapi?

Wajukuu zangu, pishi moja ni vibaba vinne, au visaga viwili. Ile namba ya chini, asili, haihesabu mchele, inataja kipimo. Robo ya pishi ni kibaba, nusu yake ni kisaga. Fisi alitoa visaga kwenye vibaba, kisha akatoa hata kipimo chenyewe! Sungura akageuza vyote kuwa vibaba: 1/2 ni 2/4. Vitatu toa viwili, kimoja. Kimebaki 1/4.

Fisi hana haya. Msimu wa kulima ulipofika, Sungura alikuwa na 5/6 ya shamba, naye Fisi akataka apangishiwe 3/10 ya shamba hilo. Sungura akatafuta kigawe kidogo cha shirika, KDS: 6, 12, 18, 24, 30, kisha 10, 20, 30. Zimekutana kwenye 30. Sita huingia mara tano, basi 5 × 5 ni 25. Kumi huingia mara tatu, basi 3 × 3 ni 9.

25/30 − 9/30 = 16/30

Hapa wengi huweka kalamu chini, na mwalimu huwakata alama. 16 na 30 zote zinagawanyika kwa 2, kwa hiyo jibu ni 8/15.

"Mwizi!" Fisi akafoka. "Kumi na sita imekuwa nane!"

Mimina vibaba viwili kwenye kisaga: 2/4 imekuwa 1/2, na hakuna punje iliyopungua. Vipande vya shamba navyo vimekuwa vichache, ila kila kimoja kimekuwa kikubwa maradufu. Sungura akajaribu kurahisisha zaidi, ikashindikana, maana 8 na 15 hazina namba inayozigawa zote isipokuwa 1.

"Sasa zamu yako," akamwambia Fisi. "7/10 toa 1/6. Bila kurahisisha, shamba hupati."