Kamea kako ni karembo, lakini hakatakuokoa na jiko

Wewe unayesoma hii ukiwa kwenye bedsita, hebu angalia kona ya chumba. Kuna kale kamea ka majani marefu yaliyosimama kama panga? Mimi pia ninako. Nilikanunua Voi kando ya barabara, kwa sababu mtandaoni walisema kanasafisha hewa.

Julai iliyopita nilikapeleka Chawia kwa nyanya. Kama unaijua Chawia, unaijua baridi yake. Usiku nikaingiza jiko la makaa chumbani, nikafunga dirisha. Nikajiambia mmea utashughulikia hewa. Nyanya alisukuma mlango, akatoa jiko nje bila kuniuliza. "Mjukuu wangu, unataka nikuzike?" Kichwa kilikuwa kinanigonga, nami nilidhani ni mafua tu.

Basi nikafuatilia hii stori ya mimea. Ilianzia Marekani mwaka 1989. Bill Wolverton wa NASA aliweka mimea ndani ya visanduku vilivyofungwa kabisa, na kweli ikapunguza kemikali kama benzini na formaldihaidi, zile zinazotoka kwenye rangi na gundi. Lakini keja yako si kisanduku. Hewa inaingia na kutoka kupitia mlango na nyufa. Mwaka 2019, Bryan Cummings na Michael Waring wa Chuo Kikuu cha Drexel walipitia tafiti za miaka mingi, wakapiga hesabu: ili mimea ifikie kazi ya hewa hiyo inayopita yenyewe, unahitaji kati ya 10 na 1,000 kwa kila mita mraba. Keja ya mita tatu kwa tatu? Mimea 90 kwa uchache. Utalala wapi?

Na jiko ni balaa zaidi. Makaa hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu. Inachukua nafasi ya oksijeni kwenye damu. Kichwa kinauma, usingizi unakushika, na huenda usiamke. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa hewa chafu ya majumbani iliua watu milioni 3.2 mwaka 2020.

Kwa hivyo kamea kako kaweke, kanapendeza. Lakini dirisha fungua kila siku, jiko washa nje, na usilale nalo hata likionekana limezima. Ukisikia baridi, ongeza blanketi. Nyanya alinipa mawili.