Tableti za kuchorea: ushuru sifuri, bei iko pale pale

Anayetaka kuanza kuchora kwa kompyuta jijini Dar es Salaam hukutana na namba mbili kabla hajashika kalamu. Ya kwanza imechapwa kwenye boksi: 8192, siku hizi hata 16384, yaani viwango vya mgandamizo ambavyo ubao unaweza kuhisi. Ya pili haiandikwi dukani, ila ofisa mmoja wa forodha aliitamka kama mtu anayefunga mjadala: sifuri.

"Vifaa vya kuingizia taarifa kwenye kompyuta vina ushuru wa asilimia sifuri kwa jedwali la Jumuiya ya Afrika Mashariki," alisema kwa sharti la kutotajwa. "Anayekwambia ushuru ndio unampandishia bei, mwambie akuonyeshe nyaraka."

Jedwali ndivyo linavyosema. Mwenye duka mmoja wa Kariakoo, karibu na Mtaa wa Aggrey, aliposomewa maneno hayo alicheka mpaka akaweka chini kikombe cha chai.

"Sifuri hiyo mimi sijawahi kuila, kaka. Kuna VAT asilimia 18, kuna nauli, kuna wakala, kuna siku mzigo unalala. Halafu boksi limeandikwa tableti. Anayekagua akiliona neno hilo anawaza kishikwambi, chenye betri na laini. Namwambia hii haina hata kioo, bila kompyuta ni kibao cha kukatia vitunguu. Ananiambia nilete maelezo ya kiwandani. Huku mteja ameshalipa nusu, ananipigia kila asubuhi. Naambiwa haki ni yangu. Haki inalipa kodi ya fremu?"

Nyaraka hakuonyesha. Na alipoulizwa bei ya tableti iliyokuwa mbele yake alitaja mbili, ya kuchukua na risiti na ya kuchukua hivi hivi. Sifuri ya ofisa imeingia katika ipi, hatukupata jibu.

Ukweli ni kwamba wachache huagiza bidhaa hii kwa wingi. Vipande vitano au kumi husukumwa ndani ya mzigo wa wakala kutoka Guangzhou, pamoja na makava ya simu na viatu, kwa ndege vikitozwa kwa kilo na kwa meli kwa ujazo. Tableti ndogo isiyo na kioo, ambayo mtandaoni huuzwa kati ya dola 30 na 60, hufika rafuni ikiwa imebeba gharama ambazo hata muuzaji hawezi kuzitenganisha. Yenye kioo cha inchi 12 au 13 huanzia karibu dola 200 huko huko, kabla ya safari. Milango miwili inayopakana inaweza kukupa bei mbili zisizojuana.

Namba ya kwenye boksi nayo haidanganyi, ila haimsaidii mwanafunzi. Kwa miaka mingi wachoraji wa kulipwa walifanya kazi na viwango 2048, na mkono unaoanza hauoni tofauti. Nafuu ya kweli imetokea kwingine: kalamu isiyotumia betri, ambayo zamani ilikuwa ya tableti za Kijapani za bei ghali, sasa imo hata kwenye za Kichina za bei ya chini.

Kinachouma huja baadaye. Binti mmoja wa Mbagala, anayechora vibonzo na kadi za send-off, alitoa kalamu yake kwenye soksi: ncha imelika upande mmoja kama chaki, ubao una mikwaruzo katikati tu, pale mkono unapopita kila siku. Alianzia kwenye simu kwa adapta ya OTG, na simu ikiwa wima ni kipande kidogo tu cha ubao kilichosikia kalamu. Wiki nzima aliamini ameuziwa kibovu.

Mbele ya safari hapaeleweki. Wapo wauzaji wanaosema vijana wa katuni na matangazo wanaongezeka, na wapo wanaosema programu zinazotengeneza picha kwa kuandikiwa maneno tu zinakula kazi za mabango. Shilingi ikiyumba mbele ya dola, hoja zote hizo zitasubiri. Ofisa wa forodha anatarajia bei kushuka. Hakusema kwa nini hazijashuka mpaka sasa.

Kwa anayenunua ya kwanza, ndogo isiyo na kioo inatosha, na Krita ni programu ya kuchorea ya bure. Hakikisha boksi linafunguliwa mbele yako na draiva inawekwa hapo hapo. Chora mstari mmoja kutoka kona hadi kona, kisha hesabu ncha za akiba. Kalamu ya chapa nyingine mara nyingi haitafanya kazi kwenye ubao wako, kwa hiyo uliza kama ya kwako inauzwa peke yake. Na dai risiti ya EFD, hata kama bei itapanda.