KARATASI ZA NYUMBANI TUZITUNZE

Hati ya kimila ya shamba, cheti cha kuzaliwa cha mtoto, stakabadhi ya ng'ombe wa mnadani: hizi zote ni mali. Lakini wengi wetu tunazichomeka darini, kwenye moshi na panya. Na mchwa hawajui kusoma!

Tutafute sanduku la bati. Tuliweke juu ya matofali, mbali na ukuta. Kila aina iwe na bahasha yake, na juu yake tuandike kilichomo. Karatasi za zamani zenye maneno "Mkoa wa Arusha" tusizitupe. Mbulu na Hanang zilikuwa huko mpaka Mkoa wa Manyara ulipoanzishwa mwaka 2002.

Mama naye ajue ufunguo ulipo. Baba akifariki, ndugu wakaja kudai shamba, ataonyesha nini?

Tarehe 3 Desemba 2023 tope la Mlima Hanang lilisomba nyumba za Katesh na vyote vilivyokuwamo. Kwa hiyo tutoe vivuli vya hati zetu, tuvipeleke kwa ndugu anayekaa kijiji kingine. Hati ikipotea, kivuli kitatupa namba yake, na mtendaji ataitafuta upesi katika daftari la ardhi la kijiji.