Zaidi ya Gundi: Kueleza Protini za Mshikamano wa Seli kwa Kiswahili

Ikisiri
Protini zilizo kwenye utando wa seli hushikanisha seli na wakati huohuo hupitisha ishara. Makala haya yanafafanua kazi hizo mbili na kuonyesha kwamba sitiari ya "gundi" huficha mojawapo, jambo lenye athari katika elimu na ushauri wa tiba.

1.0 Utangulizi
Anayeeleza mshikamano wa seli kwa Kiswahili hujiwa upesi na neno "gundi". Hata hivyo, gundi haichagui inachokishika, wala haina habari ya kupeleka. Protini zinazojadiliwa hapa hufanya yote mawili.

2.0 Kuchagua mwenzi
Mwaka 1955, Townes na Holtfreter walitenganisha seli za viinitete vya amfibia na kuzichanganya. Seli zilijipanga upya: za tabaka la nje zikakaa nje, za tabaka la ndani zikaingia ndani, na za tabaka la kati zikawa baina yake. Baadaye Masatoshi Takeichi wa Japani alibainisha protini zinazoshikanisha seli pale tu kalsiamu inapokuwapo, yaani kadherini. Kadherini ya seli moja hushikana zaidi na ya aina yake katika seli jirani. Kiinitete kinapounda mrija wa neva, seli husika huacha kutengeneza kadherini E na kuanza kutengeneza kadherini N. Hivyo hutengana na seli za ngozi. Tishu hupata mpaka wake kwa njia hiyo.

3.0 Kupeleka habari
Kadherini hupenya utando wa seli. Mkia wake wa ndani hushikilia beta-katenini, protini ambayo, ikiwa huru na isipovunjwavunjwa, huweza kuingia katika kiini na kuamsha jeni za ugawanyikaji. Integrini nazo huishikiza seli kwenye nyuzi za protini zinazoizunguka, kama vile kolajeni. Ishara zake huenda pande mbili: kutoka nje kwenda ndani na kutoka ndani kwenda nje. Seli nyingi za kawaida zikikosa mshiko huo hujiua.

4.0 Jina na athari zake
Mwaka 1998, watafiti nchini New Zealand walihusisha mabadiliko katika jeni ya kadherini E na saratani ya tumbo iliyorithiwa katika familia za Wamaori. Katika saratani hiyo, seli hutawanyika mojamoja ndani ya ukuta wa tumbo bila kufanya uvimbe dhahiri, hivyo ni vigumu kuigundua mapema. Ndiyo sababu baadhi ya wenye mabadiliko hayo ya jeni hushauriwa kuondolewa mfuko mzima wa chakula wangali wazima. Anayeambiwa tu kwamba "gundi imepungua" hajapewa msingi wa kuamua jambo zito kiasi hicho. Anapaswa kuelewa kwamba seli zake zinaweza kupoteza mahali pake na pia kizuizi cha mwenendo wake.

5.0 Hitimisho
Makala haya yanapendekeza istilahi "protini za mshikamano". Mshikamano katika Kiswahili ni wa wanaochaguana na kusikilizana. Gundi haina sifa hiyo. Wakuza mitaala na waandaaji wa miongozo ya afya wanashauriwa kuhakikisha kwamba kila fasili ya istilahi hiyo inabeba vitenzi viwili: kushika na kuashiria.